Baada ya Kuiweka Moodle, Nani Atatusaidia? Maelezo Kutoka Tabora

Swali ambalo wenzangu wa vyuo vya hapa Tabora huniuliza mara kwa mara si namna ya kuiweka Moodle, programu ya kufundishia na kujifunzia mtandaoni, kwenye seva. Hilo kijana yeyote wa TEHAMA mwenye bando la kutosha na subira kidogo hulimaliza kabla jua halijatua. Swali lenyewe ni hili: ikishawekwa, wanafunzi wakishaandikishwa na wakufunzi wakishaambiwa waanze kupandisha masomo, nani atatusaidia siku itakapogoma? Wakuu wa vyuo huliuliza kwa namna yao, kwamba kama programu hatukuinunua kwa mtu, tutampigia nani simu? Mimi nahudumia mifumo katika chuo kimoja cha afya cha binafsi hapa mjini, na kwa muda mrefu sasa sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kulitafutia swali hilo majibu, kwa hiyo naandika ninavyolifahamu.

Nianze kwa kumtoa wasiwasi mkuu wa chuo. Moodle haikuokotwa njiani. Ilianzishwa na Martin Dougiamas huko Perth, Australia, toleo la 1.0 likatoka Agosti 2002, na kampuni aliyoiunda ndiyo inayoendelea kuisimamia hadi leo, ikisaidiwa na watengenezaji programu wa nchi nyingi. Leseni yake, ile inayoitwa GPL, inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza bila kumlipa mtu ada. Hapa nchini nayo si ngeni, kwani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania wanafundishia kwayo, na Chuo Kikuu Huria kina kituo chake hapahapa Tabora. Watu wanaoijua wapo. Kinachokosekana ni mkataba, maana ukiichukua mwenyewe hakuna aliyekuahidi kwamba atapokea simu yako. Msaada upo mwingi, lakini umetawanyika, na kila aina ina mlango wake. Wengi wanaolalamika kwamba hakuna msaada wamekwenda kubisha mlango usiohusika.

Mafunzo ya bure ndiyo mlango ulio wazi zaidi. Tangu 2021 kampuni yenyewe ina chuo chake cha mtandaoni, Moodle Academy, ambacho kimepanga kozi kwa makundi: walimu, wasimamizi wa mfumo na watengenezaji programu, kila kundi kwa njia yake. Unafungua akaunti, unasoma kwa muda wako, na ukimaliza kozi unapata beji. Kwa mtu wa TEHAMA aliyekabidhiwa mfumo bila maelekezo, kozi za wasimamizi ndizo za kuanza nazo, hata kabla ya kugusa mipangilio yoyote. Pamoja na hayo ipo tovuti ya kufanyia majaribio, ambapo mtu yeyote anaingia kama msimamizi au kama mwalimu na kubofya anachotaka, kisha kila saa inafutwa na kurudi upya. Naipenda sana hiyo. Fundi mgeni anaweza kufuta kozi nzima pale na hakuna mwanafunzi atakayelia. Nyaraka rasmi nazo ni nyingi na nzuri, ingawa nisingemshauri mtu ampe mkufunzi wa anatomia kiungo cha nyaraka hizo na kumwambia, "Soma, utaelewa." Zimeandikwa kwa Kiingereza, ni ndefu, na zinadhani msomaji ana muda ambao mkufunzi mwenye vipindi vinne kwa siku hana.

Mlango wa pili ni wa kuuliza. Katika tovuti ya jumuiya ya Moodle watu hujibizana kwa kujitolea, wengine wakiwa mafundi wa miaka mingi, na humo ndimo nilimopata majibu ambayo nisingeyapata kwa fedha niliyokuwa nayo. Hata hivyo nimeona wenzangu wengi wakiuliza, wakikaa siku kadhaa bila jibu, kisha wakisema kwamba wale watu hawatujali kwa kuwa tuko Afrika. Sikubaliani nao. Kiingereza kisichonyooka hakijaninyima jibu hata siku moja. Kinachomnyima mtu jibu ni kutokueleza.

Nitatoa mfano ulionipata. Kipindi fulani wanafunzi wetu walianza kulalamika kwamba matangazo ya wakufunzi hayafiki kwenye barua pepe zao, ilhali mkufunzi akifungua mfumo analiona tangazo lake limekaa pale, na mwanafunzi akiingia mwenyewe analiona pia. Mwenzangu wa ofisini alikuwa tayari kuandika, "Moodle haitumi barua pepe, tafadhali msaada wa haraka." Swali kama hilo haliwezi kujibiwa, kwa sababu barua pepe inaweza kukwama mahali pengi sana kati ya seva na simu ya mwanafunzi, na anayelisoma akiwa Brazil au Uingereza hana njia ya kujua yako imekwama wapi. Tukakaa tukaliandika upya. Tulitaja toleo la Moodle kwa ukamilifu wake, toleo la PHP, yaani lugha ya programu ambayo Moodle imeandikwa kwayo, na aina ya hifadhidata. Tulisema mfumo uko kwenye seva ya kukodi inayotumiwa na wateja wengi. Tulisema barua ya majaribio inayotumwa na msimamizi inafika, na barua ya kurejesha nenosiri inafika pia. Na tulisema kwamba shida ilianza baada ya kampuni inayotukodisha nafasi kuuhamishia mfumo kwenye mashine nyingine.

Jibu lilikuja usiku uleule, nalo lilikuwa swali fupi: cron iliendeshwa mara ya mwisho lini? Kwa asiyeijua, cron ni kazi inayojiendesha yenyewe kwenye seva, na Moodle inaitegemea kwa mambo yote yanayosubiri foleni, yakiwemo matangazo ya kwenda kwenye barua pepe. Mwongozo rasmi unashauri iendeshwe kila dakika. Barua ya kurejesha nenosiri haisubiri foleni hiyo, inatumwa papo hapo, ndiyo maana yenyewe ilikuwa inafika. Waliohamisha mfumo walihamisha mafaili na hifadhidata wakaiacha cron kule ilikotoka. Tukaiweka upya kwenye paneli ya seva, na kabla ya saa sita usiku simu za wanafunzi bwenini zilianza kulia kwa matangazo yaliyokuwa yamelala, mengine yakihusu mitihani iliyokwisha kufanyika. Yule aliyejibu hakuhitaji kuiona seva yetu. Habari kwamba barua ya aina moja inafika na ya aina nyingine haifiki ndiyo iliyomwelekeza.

Kwa hiyo vijana wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo huwa nawafundisha kuandika swali kabla sijawafundisha kuandika amri yoyote. Wanakili ujumbe wa kosa kama ulivyo badala ya kuusimulia, waseme ni nini kilibadilika kabla tatizo halijaanza, waseme wameshajaribu nini, na wasibandike picha ya skrini yenye majina ya wanafunzi na matokeo yao. Wakijibiwa warudi kusema kama dawa ilifanya kazi, kwa sababu fundi mwingine wa Songea au wa Lubumbashi atakuja kulitafuta swali hilohilo mwakani.

Lakini yote niliyoyaeleza hadi hapa ni msaada wa fundi, na kwa maoni yangu vyuo vyetu vinaelemea mno upande huo. Mfumo wa kujifunzia hufa zaidi kwa kukosa wakufunzi wanaoutumia kuliko kwa kukosa seva. Nimeona mahali ambapo chuo kilileta wawezeshaji kutoka mbali, kikafanya semina ya siku tatu yenye chai, posho na vyeti, na wawezeshaji wakapitia kila kitufe kilichomo. Muhula uliofuata kozi zilikuwa na jina na picha ya juu tu, ndani hamna kitu. Mkufunzi hakumbuki vitufe arobaini. Anakumbuka alichokifanya kwa somo lake mwenyewe, siku alipokuwa na haja nacho.

Kilichofanikiwa kwetu ni cha polepole. Tulichukua mambo manne tu, yaani kuweka notsi, kutoa tangazo, kupokea kazi ya mwanafunzi na kutengeneza jaribio la maswali ya kuchagua, na kila mkufunzi aliyafanya kwa kozi anayoifundisha muhula huo, si kwa kozi ya mfano. Kisha kila idara ikapata mkufunzi mmoja wa kuulizwa kwanza, kabla swali halijanifikia mimi. Hatukumchagua yule anayejua zaidi kompyuta. Tulimchagua yule ambaye wenzake hawaoni haya kumwuliza, na tofauti ya watu hao wawili ni kubwa.

Katika idara ya uuguzi mtu huyo aligeuka kuwa mama mmoja wa makamo, aliyeanza kufundisha enzi za chaki, ambaye wengi tulidhani atakuwa wa mwisho kuukubali mfumo. Alikuja ofisini kwangu na kompyuta mpakato yake mikononi ikiwa wazi. Nikamsalimu, "Shikamoo Mama." Akajibu, "Marahaba mwanangu. Huu mtambo wako umelikataa somo langu." Somo lilikuwa la utunzaji wa vidonda, slaidi zimejaa picha alizopiga kwa simu, na faili lilizidi megabaiti 60. Moodle ina kikomo cha ukubwa wa faili, na kikomo hicho hupangwa katika ngazi kadhaa: kwenye PHP ya seva, kwenye mipangilio ya mfumo mzima, na kwenye kozi yenyewe, kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. Ningeweza kupandisha vikomo hivyo na mama akaondoka ameridhika. Badala yake nilimwuliza wanafunzi wake wako wapi mwezi ule. Akasema wako kwenye mazoezi ya vitendo, wengine Urambo, wengine Kaliua, wengine Sikonge. Nikamwomba akadirie faili lile litakula kiasi gani cha bando la binti aliye Kaliua.

Hakunijibu, alivuta kiti. Tukaichagua picha moja ndani ya slaidi, tukaenda kwenye sehemu ya kubana picha, tukaondoa alama kwenye kisanduku kinachosema ibanwe hiyo moja tu ili zibanwe zote, tukachagua ubora wa kutosha skrini ya simu, tukahifadhi kwa jina jipya ili faili la asili libaki salama. Likashuka hadi chini ya megabaiti tano, na vidonda vikaonekana vilevile. Wiki iliyofuata nilimsikia kwenye chumba cha wakufunzi akimkatalia mwenzake kupandisha mafaili mazito, akimwambia kwamba mwanafunzi aliyeko kituo cha afya hawezi kukosa nauli kwa sababu ya slaidi. Semina yangu yoyote isingefikia maneno hayo.

Jambo linaloendana na hilo ni programu ya Moodle ya simu janja, ambayo wakufunzi wengi hawaijui kabisa. Mwanafunzi akiwa mjini kwenye mtandao mzuri anapakua maudhui ya kozi, akifika kijijini anasoma bila intaneti, na hata jaribio anaweza kulifanya bila mtandao kama mkufunzi ameliruhusu kwenye mipangilio ya jaribio hilo, kisha majibu yanapelekwa anaporudi kwenye mtandao. Kwa mkoa wenye umbali kama wetu, hicho ndicho kipengele ambacho ningekifundisha kabla ya vingine vyote vya ziada.

Kuhusu lugha, Moodle ina kifurushi cha Kiswahili ambacho msimamizi anakiwasha kwenye mipangilio ya lugha. Hakijakamilika, na neno lisilotafsiriwa hubaki kwa Kiingereza, kwa hiyo skrini inakuwa mchanganyiko. Kwa wakufunzi wa vyuo haisumbui sana, kwa kuwa hata masomo yao ni ya Kiingereza. Mwenye nia ya kuchangia tafsiri anaweza kufanya hivyo kwenye tovuti ya tafsiri ya Moodle bila kujua kuandika programu, nami ningefurahi kuona walimu wa Kiswahili wakiingia humo, maana baadhi ya tafsiri zilizopo zinaonekana kama zilifanywa na mtu aliyekuwa anawahi basi.

Walimu wa sekondari waliopata vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 wameniuliza kama nao waweke Moodle shuleni. Jibu langu kwa shule isiyo na intaneti ya kudumu ni hapana. Watazame Kolibri, ambayo pia ni programu huria, inayotengenezwa na shirika la Learning Equality kwa ajili ya mahali pasipo na mtandao. Inakaa kwenye kompyuta moja, hata ya zamani, na wanafunzi wanaingia kupitia mtandao wa ndani wa shule. Ina Kiswahili, na masomo ya Khan Academy yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili yamo. Watengenezaji wametoa pia vitini vya kufundishia walimu na wasimamizi, vinavyopakuliwa bure. Hilo ni somo linalojitegemea, na wanaolijua vizuri kuliko mimi wapo.

Narudi kwenye vyuo. Tabora ni mji wenye vyuo vingi kuliko wageni wanavyodhani. Kuna Chuo cha Ualimu, Chuo cha Ardhi, VETA, tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma ambalo wazee bado wanaliita Uhazili, chuo kikuu kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, pamoja na vyuo vya afya vya serikali na vya binafsi. Katika mji wa namna hii ni ajabu kwamba kila mtu wa TEHAMA anapambana na seva yake peke yake, wakati mwenzake aliyeko upande wa pili wa barabara alishakutana na tatizo lilelile mwezi uliopita. Sisi wachache tumeanzisha kundi la WhatsApp, na tunakutana Jumamosi pale nafasi inaporuhusu. Hatuna katiba, hatuna mwenyekiti, na sidhani tunavihitaji. Sheria pekee tuliyokubaliana ni kwamba hakuna anayefanya mabadiliko makubwa kwenye mfumo wa chuo chake bila mwenzake mmoja kuwa anajua, na kwamba nakala rudufu huangaliwa na mtu asiyeitengeneza. Nakala ya Moodle ina sehemu tatu: hifadhidata, folda ya data ambako mafaili ya watumiaji hukaa, na programu yenyewe. Anayehifadhi hifadhidata peke yake atagundua siku ya ajali kwamba ana majina ya mafaili bila mafaili.

Msaada wa kulipia nao una nafasi yake. Moodle ina washirika walioidhinishwa, makampuni yanayouza huduma ya kuweka mfumo, kuutunza na kufundisha, ambayo hurudisha sehemu ya mapato kwa kampuni mama, na kwa njia hiyo programu inaendelea kutengenezwa. Wapo pia mafundi wa kujitegemea wa nyumbani, wengine wazuri sana na wengine si kitu. Chuo kinacholipa kilipie yale ambayo watu wake hawawezi: kuhamisha mfumo mkubwa, kuunganisha na mfumo wa usajili na ada, au kuimarisha usalama wa seva. Kisilipie kupandishiwa notsi. Nimeona mkataba wa chuo kimoja ambamo kampuni ya nje ilikuwa ndiyo peke yake yenye nenosiri la msimamizi mkuu, jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la mfanyakazi wa kampuni, na nakala rudufu zinakaa kwake. Walipokosana kuhusu malipo, chuo kilianza upya na wanafunzi wakapoteza alama za mazoezi. Mkataba useme wazi kwamba jina la tovuti ni la chuo, kwamba chuo kinapokea nakala kamili kila mwezi na kuijaribu, na kwamba fundi wa ndani anakaa pamoja na mtoa huduma wakati wa kazi. Useme pia nani anaruhusiwa kuona taarifa za wanafunzi, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakigusa chuo kinachokusanya taarifa hizo na inamgusa pia anayezichakata kwa niaba yake.

Swali linalosumbua kundi letu kwa sasa ni matoleo ya Moodle. Vyuo kadhaa bado viko kwenye toleo la 4.1, ambalo msaada wake wa kiusalama ulipangwa kufikia Desemba 2025 tu, wakati 4.5 iliyotoka Oktoba 2024 itahudumiwa kiusalama hadi Oktoba 2027. Kutoka 4.1 kwenda 4.5 mtu anaweza kuruka moja kwa moja mradi awe kwenye 4.1.2 au juu yake, lakini 4.5 inadai PHP 8.1 kwenda mbele, na hapo ndipo seva nyingi za kukodi za bei nafuu zinapokwama. Likizo ijayo tutaifanya kazi hiyo pamoja, mfumo mmoja baada ya mwingine. Mtu wa TEHAMA wa chuo chochote cha hapa, au wa Nzega na Igunga kama nauli si tatizo, anakaribishwa, ila aje na nakala ya mfumo wake kwenye kompyuta yake, aandike toleo la PHP la seva anayoitumia, na asiguse mfumo wenyewe hadi nakala hiyo ipande kwenda 4.5 bila kosa.